Nukta Tatu Chini ya Mwaka

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa juu ya katoni ya vitabu, simu sikioni, nikimsikiliza marehemu akiomba kitabu chake.

Marehemu huyo ni baba yangu. Alikuwa hai, wodini, sauti nyembamba lakini yake mwenyewe. Aliyemuua ni mimi, kwa maandishi, katika nakala mia tano.

Mliokosa sehemu ile nivumilieni kidogo. Mlioisoma mkanitumia matusi kupitia kwa mhariri, nimeyapata yote. Mawili yalinichekesha.

Nina shirika la kuchapisha vitabu. Neno shirika ni kujipa heshima tu. Ni vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya baba, meza tatu, na kompyuta inayowaka ikipenda. Mchapishaji ni mimi. Msahihishaji ni baba, ambaye kwa miaka arobaini na miwili amewinda makosa katika vitabu vya watu. Korona ilipoingia, shule zikafungwa, maduka ya vitabu yakafungwa, waandishi wangu wakazima simu, tukabaki na kitabu kimoja cha kutoa. Kitabu hicho baba alikiandika mwenyewe, cha kwanza na cha pekee maishani mwake. Kinaitwa Makosa Niliyoyapitisha. Kinaeleza makosa yaliyomponyoka, moja baada ya jingine, na usingizi aliokosa kwa ajili yake.

Kabla hatujaisoma prufu ya mwisho, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, baba akaugua. Wodi haikuruhusu wageni. Ijumaa moja asubuhi mpiga chapa akanipigia: karakana zote zinafungwa jioni hiyo kwa amri, hajui zitafunguliwa lini, na mtambo unaanza kuchapa kitabu chetu saa nne. Saa tatu na nusu daktari naye akapiga.

"Dada, jiandaeni," alisema. "Sidhani kama mzee ataiona Jumapili."

Baba anachukia kitu kimoja kuliko vyote: kitabu kinachotoka kikiwa na uongo ndani. Alinifundisha kwamba maneno yawe kweli siku yanapomfikia msomaji. Basi nikafikiri kama binti wa msahihishaji. Nikafungua ukurasa wa pili, ule wenye jina la shirika na haki za mwandishi, ambao hakuna anayeusoma isipokuwa baba. Mbele ya mwaka wake wa kuzaliwa nikaweka kistari, nikaandika mwaka huu. Chini yake nikaeleza kwamba mwandishi alifariki kabla kitabu hakijatoka mtamboni. Nikatuma.

Niliogopa kosa la chapa kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Jumapili baba akafumbua macho. Jumatano akaomba miwani. Ijumaa akanipigia, na hapo ndipo tulipoishia: "Mwanangu, nasikia kimetoka. Niletee nikione."

Dada yangu mkubwa alikuwa chumba hicho hicho. Ni mshonaji. Tangu watu waache kushonesha nguo za sherehe alihamishia cherehani yake kwetu, akawa anashona barakoa katikati ya makatoni.

"Umemwambia nini?" akaniuliza.

"Nimemwambia kesho kutwa."

"Kesho kutwa kutakuwa na nini?"

"Sijui. Nitafikiria."

"Mwambie ukweli, mdogo wangu. Baba si mtoto."

"Ukweli utamuua."

"Wewe ulishamuua. Tena mara mia tano." Hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Daktari alisema hafiki Jumapili, dada."

"Hata mimi niliambiwa. Mbona sikushona sanda?"

Na hapa kuna aibu ambayo sijawahi kumwambia mtu, nawaambieni nyinyi kwa kuwa hamnijui sura: nilipoandika ule mwaka wa kufa sikulia. Nilitazama kama utaenea kwenye mstari. Ulienea, nikafurahi.

Nilichukua nakala moja nikaenda kwa mpiga chapa. Mlango wa mbele wa karakana ulikuwa na mnyororo. Nikazunguka nyuma, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiutazama mtambo wake uliozimwa. Ni rika la baba. Wamegombana kila wiki kwa miaka thelathini, na hakuna anayethubutu kuwaamua kwa sababu wanaupenda ugomvi wao.

Nikamweleza nilichotaka: ule ukurasa uondoke.

"Kukata siwezi," akasema, akiugeuza huku na huku. "Nyuma yake kuna jina la kitabu, kwa wino mwekundu. Ukiondoa huu, na jina limekwenda. Na mtambo siruhusiwi kuuwasha."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Tubandike juu yake."

Alitafuta mabaki ya karatasi ile ile, ya rangi ya maziwa. Nikaenda nyumbani nikachapa ukurasa upya kwa mashine yetu ndogo, safari hii baba akiwa hai: hakuna kistari, hakuna mwaka wa pili, na chini yake maneno kwamba mwandishi anaishi na binti zake. Nikarudi. Mpiga chapa akapaka gundi kwa brashi, akalaza karatasi juu ya karatasi, akaisugua kwa kucha mpaka mshono ukapotea. Mkono wake hutetemeka akishika kikombe, lakini akishika gundi unatulia. Akakiweka kitabu chini ya chuma kizito, tukakaa kusubiri kikauke, mita mbili baina yetu, barakoa usoni.

"Baba yako ana vidole," akasema mwishowe.

"Yuko hoi. Hata kijiko anasaidiwa kushika."

"Vidole vya msahihishaji haviugui. Haya, mpelekee. Mwambie nina ugomvi wake hapa haujaisha."

Hospitalini sikuruhusiwa kupita geti. Muuguzi wa wodi alitoka amejifunika juu mpaka chini, macho tu ndiyo yaliyobaki. Alikipokea kitabu kwa glavu, akakipulizia dawa kwenye jalada, kisha akakifungua akapulizia na ndani.

"Taratibu, nesi. Ni karatasi hiyo."

"Kila kinachoingia kinapuliziwa, dada. Hata miwani yake niliipulizia."

Niliogopa wino usichuruzike. Kuhusu gundi sikufikiri kabisa. Nilirudi nyumbani nikamwambia dada mambo yamekwisha, akanijibu kwa kukanyaga cherehani.

Siku ya pili, saa kumi alasiri, baba akapiga simu.

Hapa inabidi mjue desturi ya nyumba yetu. Kitabu hakitoki kwetu bila kusomwa kwa sauti. Mimi nasoma, baba anafuata kwa kidole, mkato kwa mkato. Nikichelewa, anagonga meza mara mbili, maana yake twende. Anayo kalamu nyekundu. Akikata neno kisha akaona limestahili kubaki, hafuti. Anaweka nukta tatu chini yake, maana yake liacheni lilivyo. Tukimaliza tunasaini ukurasa wa mwisho, yeye kushoto kama msahihishaji, mimi kulia kama mchapishaji. Bila sahihi mbili, kwake yeye hicho si kitabu. Na hiki chake kilikuwa kimechapwa bila hata moja.

"Una nakala yako hapo?" akaniuliza.

"Ninayo, Baba."

"Soma. Ukurasa wa pili."

"Tuanze sura ya kwanza, usije ukachoka."

"Miaka arobaini na miwili nimeanzia ukurasa wa pili. Soma."

Niliivuta nakala iliyokuwa karibu. Ilikuwa moja ya zile mia tano, haijabandikwa kitu. Macho yangu yakaona kistari, mwaka wa kufa na maelezo ya kifo chake, mdomo wangu ukasoma mengine. Nilisoma kisichokuwepo, kwa kichwa. Jina la shirika. Anwani. Jina la mwandishi na mwaka wa kuzaliwa. Nukta.

Upande wa pili nilisikia oksijeni tu ikipita.

"Rudia mstari wa mwisho," akasema.

"Haki zote zimehifadhiwa."

"Ule wa juu yake."

"Mwandishi ni msahihishaji wa vitabu, na anaishi na binti zake."

Dada alikuwa amesimamisha cherehani.

"Na nakala zote ziko hivyo?"

"Zote, Baba."

"Zote mia tano."

"Zote."

"Sawa," akasema. "Endelea."

Tukaingia sura ya kwanza, inayomhusu mama. Kosa la kwanza alilolipitisha baba lilikuwa kwenye kadi yao ya harusi. Aliisahihisha mwenyewe, kwa mapenzi mengi kuliko makini, na kadi ikatoka na tarehe ya wiki nzima kabla. Zilikuwa zimekwisha gawiwa. Baba alitaka kufa kwa aibu. Mama, Mungu amrehemu, hakumlaumu hata kwa kope. Aliwaita wazee wa pande zote mbili, akawaambia harusi ifanyike tarehe ya kwenye kadi. Wakamshonea gauni kwa siku tisa. Mama alisogeza ndoa yake ili mume wake asiitwe mwongo.

Nilipofika mwisho wa sura, baba alikuwa anahema.

"Mama yako," akasema. "Mwanamke yule." Akakohoa, muuguzi akachukua simu, ikakatika.

Nilishukuru Mungu. Nawaambia kweli, nilikaa kwenye kiti nikashukuru kwamba uongo wangu umepita salama. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu aumwe.

Siku tano zikapita, simu zake fupi, kila siku pumzi inapungua kidogo. Tarehe kumi na nane Desemba, asubuhi, muuguzi akapiga. "Dada, njoo getini. Mzee ana mzigo wako."

Dada akaniona nilivyovaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia. Akajaza mfuko wa barakoa kwa ajili ya wauguzi, akanifuata bila kuniuliza.

Muuguzi alitusubiri upande wa pili wa geti, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alinitazama, halafu akatazama chini.

"Ile karatasi uliyobandika," akasema, "ilibanduka siku ile ile ya kwanza. Nadhani ni dawa yangu. Nisamehe."

"Siku ya kwanza," nikasema. "Kabla hajanipigia?"

"Kabla. Aliona ukingo umeinuka, akauvuta kwa ukucha taratibu mpaka ukatoka wote. Akasoma. Alilala na kitabu kifuani usiku kucha. Kesho yake alasiri ndipo akaniomba simu."

Zote, Baba. Zote mia tano. Alikuwa na kifo chake magotini, akaniuliza mara mbili, akanipa nafasi mara mbili. Kisha akaniambia sawa, endelea. Nilishika chuma cha geti.

"Hakukasirika," muuguzi akaongeza haraka. "Alinibembeleza tu nimpe kalamu nyekundu ya kwenye chati."

Nikakitoa kitabu mfukoni. Karatasi yangu ya uongo ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili vizuri, kama barua ya kutunzwa. Nikafungua ukurasa wa pili.

Alianza na sentensi yangu ya msiba, ile niliyoandika kwamba mwandishi, aliyesahihisha vitabu vya watu kwa miaka arobaini na miwili alifariki kabla kitabu hakijatoka. Nilisahau mkato baada ya miwili. Ameuweka. Nilicheka nikiwa nalia, na mlinzi wa geti akageuka kunitazama.

Kisha nikaona mwaka wa kufa. Ulikuwa umekatwa kwa mstari mmoja mwekundu, ulionyooka, wa mkono uliokusanya nguvu zake zote. Lazima alifanya hivyo siku ya kwanza. Na chini yake, kwa mkono mwingine kabisa, mkono wa mtu asiyeweza kushika kijiko, kulikuwa na nukta tatu.

Liacheni lilivyo.

Nikakumbuka kadi ya harusi. Nikakumbuka alivyosema mwanamke yule. Mwaka ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu za kuyafanya maandishi yangu yawe kweli.

"Kuna nini?" dada akauliza. Nikamwonyesha. Dada anazijua nukta zile, sote tumekulia mezani pale. Alizitazama muda mrefu, akavua barakoa akajipangusa uso nayo, yeye anayewagombeza watu wasiozivaa.

"Si hilo tu," muuguzi akasema. "Fungua mwisho."

Ukurasa wa mwisho, kushoto, palikuwa na sahihi ya baba. Kulia alikuwa amechora mstari wa kuandikia, mtupu.

"Daktari anataka kumpeleka juu leo, kwenye mashine ya kupumulia. Mzee amevua oksijeni tangu asubuhi, anasema hajibu lolote mpaka kitabu kirudi. Maneno yake ni haya, ameniambia niyashike: Binti yangu akisaini, msinipeleke. Asiposaini, nipelekeni, nitajaribu."

"Wanaopelekwa huko juu," nikauliza, "wanarudi?"

Muuguzi alirekebisha glavu zake. "Wachache. Na wakifika wanalazwa usingizi. Hawaongei tena na watu wao."

"Wa umri wake?"

"Dada, usiniulize hilo."

Nilimgeukia dada yangu. "Nifanyeje?"

"Safari ile hukuniuliza," akasema.

Nilistahili. Lakini alinishika kiwiko, na hakukiachia.

"Nisiposaini," nikamwambia, "ataona bado namdanganya."

"Na ukisaini?"

Nikisaini, nimemuua mara ya mia tano na moja, na hii ndiyo ya kweli. Nisiposaini, nampeleka mahali asipoweza kunisikia nikimwomba msamaha. Nilikuwa sijamwomba. Nilimsomea ukurasa mzima wa uongo, sikumwambia neno moja la kweli.

"Nesi, nipe simu niongee naye."

"Pumzi ya kuongea hana tena. Ila macho yako vizuri." Akanyoosha kidole. "Amewaomba wamsogeze dirishani. Ghorofa ya pili, la tatu kutoka ngazini."

Nikainua macho. Nilimwona. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, miwani usoni, ile barakoa ya oksijeni imening'inia shingoni. Nilitaka kumpungia mkono nikakuta mikono yote miwili imejaa, kitabu huku na kalamu huku. Kalamu sikumbuki nani alinipa.

"Dada," muuguzi akasema taratibu, "daktari anasubiri. Nimpelekee jibu gani?"

Nilikiweka kitabu juu ya kichwa cha nguzo ya geti, ukurasa wa mwisho wazi, sahihi yake upande mmoja na mstari mtupu upande wangu. Mkono wangu ulisimama hewani.

Kule juu, baba aliinua kidole akagonga kioo mara mbili.